Bwana Smithers na Vitabu vya Kificho

Wazee wenzangu wa shule hii wataikumbuka Alfu Lela Ulela tuliyokuwa tukiigombea maktabani. Ile yetu ilikuwa imepigwa pasi kwa ajili ya watoto wa shule. Richard Burton, ambaye darasani tulimjua tu kwa safari yake ya kutoka pwani hadi Ujiji mwaka 1858 pamoja na Speke na Sidi Mubarak Bombay, ndiye aliyeitafsiri kwa Kiingereza bila kuficha neno. Alianza kuitoa mwaka 1885, akaiuza kwa walioagiza tu, ili kukwepa sheria.

Mmoja wa walioagiza alikuwa wakili kijana wa Sheffield, Leonard Smithers, aliyezaliwa mwaka 1861. Nanyi vijana mlioko madarasani, msione haya kusoma habari zake. Hii nayo ni historia.

Smithers alimwandikia Burton barua, wakawa marafiki. Pamoja walitafsiri mashairi ya Kilatini ya mambo ya chumbani, yakatoka mwaka 1890. Mwaka huohuo Burton alifariki, na mjane wake Isabel akautia moto mswada wa mwisho wa mumewe, kwa kuchelea jina lake lisichafuke. Smithers yeye alihamia London, akaingia katika biashara ya vitabu vya chini ya meza. Mwaka 1893 alitoa hadithi iitwayo Teleny, juu ya mapenzi ya wanaume wawili, bila jina la mwandishi. Watu wenye heshima zao walinunua vitabu vya namna hiyo, kisha wakavifungia kabatini. Enzi ya Malkia Victoria ilikuwa hivyo: mchana kanisani, usiku kabatini.

Basi mwaka 1895 Oscar Wilde alifungwa miaka miwili kwa sababu ya mapenzi ya aina hiyo. Wachapishaji waliokuwa wakimsujudia walimkimbia kama mwenye ndui. Alipotoka mwaka 1897 akaandika utenzi wake wa gerezani, na aliyeupokea ni Smithers. Ulitoka Februari 1898 bila jina la Wilde. Palipokuwa pa jina pakapigwa chapa C.3.3, yaani namba ya chumba chake gerezani. Uliuzwa, ukachapwa tena na tena. Kwa hili mimi namvulia kofia.

Lakini kuna la pili. Mchoraji Aubrey Beardsley, kijana wa miaka 25, alikuwa akifa kwa kifua kikuu huko Menton, Ufaransa. Machi 1898 alimwandikia Smithers akimsihi aiteketeze michoro yake yote ya aibu. Siku chache baadaye akafa. Smithers hakuchoma hata mmoja, aliiuza. Leo michoro hiyo imehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na wako wanaomshukuru. Mimi nimeshindwa kumshukuru. Ombi la mtu aliye kitandani akikata roho si hati ya biashara, hata kama Isabel naye alitukosesha kitabu kwa kiberiti chake.

Mwaka 1900 Smithers alifilisika. Ulevi ukamshika, rafiki wakapungua. Alikufa tarehe 19 Desemba 1907, siku ile ile alipotimiza miaka 46. Gharama za maziko alilipa Lord Alfred Douglas, yule yule ambaye urafiki wake ndio uliompeleka Wilde gerezani. Kaburi halikuwekwa jiwe.