Korosho, Kakao na Viwanda Vilivyokosa Mavuno: Masasi na Newala, 1970–2000

Chokoleti yenye korosho huunganisha mazao mawili yenye asili ya Amerika ya Kusini. Kakao ya Tanzania hulimwa zaidi Kyela. Mkorosho, ulioletwa Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16, umestawi zaidi kusini-mashariki, ikiwemo Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi, chini yake. Hata hivyo, mazao hayo hukutana zaidi ng'ambo.

Hali hiyo haikutokana na ukosefu wa viwanda. Kuanzia miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho, vikiwemo vya Masasi na Newala, kwa mikopo ya nje. Kilichokosekana ni korosho zenyewe. Mavuno ya nchi yalishuka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Operesheni Vijiji iliwaweka wakulima mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukakausha maua.

Salfa na bei bora zilipofufua mavuno katika miaka ya 1990, viwanda vingi vilikuwa vimefungwa. Korosho ghafi zikasafirishwa India kubanguliwa, na ajira ya ubanguaji ikaenda nazo. Kwa hiyo, historia ya viwanda hivyo haina budi kuanzia shambani: mkulima alipohamishwa na kupunjwa, kiwanda kilidhoofika kabla mitambo haijachakaa.