Upozaji wa akwaria ya maji chumvi

Upozaji wa akwaria ya maji chumvi ni kuzuia maji ya tangi la nyumbani yasipate joto kupita kiasi msimu wa joto. Matumbawe ya tropiki hustawi katika nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Joto likizidi 30 kwa siku kadhaa, matumbawe hutoa mwani unaoyalisha na kupauka. Oksijeni nayo hupungua majini.

Feni inayopuliza usoni pa maji ndiyo njia bora ya kuanzia: lita 1 ikigeuka mvuke huchukua joto linalotosha kupoza lita 100 kwa karibu nyuzi 6. Chumvi haitoki na mvuke, hivyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, kamwe si mengineyo. Penye unyevu mwingi hewani, kama Mombasa au Unguja, maji hayavukizi upesi, na mara nyingi huhitajika mashine ya kupozea.