Wageni wa Ituri: Njaa ya Mwaka 1887 na Kiswahili cha Msituni

Katika masimulizi ya kuenea kwa Kiswahili kutoka pwani kwenda bara, msitu wa Ituri, ulioko kaskazini-mashariki mwa Kongo, hutajwa kwa haraka, na aghalabu kama kizuizi. Misafara ya pembe za ndovu ilifika, ikapenya, ikatoka. Nyuma yake ikabaki lugha. Maelezo hayo si ya uongo, ila yana kasoro moja kubwa: humfanya mgeni kuwa mwenye habari zote, na mwenyeji kuwa sehemu ya miti.

Tarehe 28 Juni 1887 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Yambuya, kando ya mto Aruwimi, kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikweta, aliyekuwa karibu na Ziwa Albert. Ulikuwa na watu wapatao 390, wengi wao wapagazi walioandikishwa Unguja mapema mwaka huohuo, wakasafirishwa kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo. Walitoka katika kiza cha miti mwanzoni mwa Disemba, baada ya siku 160 hivi. Chini ya nusu yao ndio waliokuwa bado pamoja na kiongozi wao. Wengine walikufa kwa njaa, vidonda na mishale; wengine walitoroka, au waliachwa njiani wakiwa wagonjwa. Kitabu cha Stanley kilichotoka mwaka 1890 kiliueleza msitu kama adui mwenye uhai, asiyelisha mtu. Sura hiyo ndiyo iliyodumu Ulaya.

Lakini msitu huo ulikuwa umelisha watu vizazi kwa vizazi. Wabira, Wabudu na Wandaka, wasemao lugha za Kibantu, walilima migomba katika mashamba waliyofyeka. Walese na Wamamvu, ambao lugha zao ni za jamii ya Sudani ya Kati, walifanya hivyohivyo upande wa kaskazini na mashariki. Kati ya vijiji hivyo waliishi wawindaji ambao wageni huwaita kwa jina moja la Wambuti, ingawa wenyewe si kundi moja. Walio jirani na Wabira husema lugha ya Kibira na huwinda kwa nyavu, wanawake na watoto wakiswaga wanyama kuelekea mitegoni. Waefe husema lugha iliyo karibu sana na Kilese, na hutegemea zaidi upinde. Waasua wana lugha yao, ya ukoo mmoja na Kimangbetu. Kambi zao huwa za muda: fito hupindwa, kisha huezekwa kwa majani mapana ya mangungu, kazi ambayo ni ya wanawake. Unapofika msimu wa asali kambi za wawindaji wa nyavu hugawanyika, kila kikundi kikafuata nyuki wake.

Mwindaji alipeleka nyama na asali kijijini, akarudi na ndizi, chuma na vyungu. Uhusiano huo haukuwa wa bei peke yake. Katika nkumbi, jando la Wabira, vijana wa Kimbuti na wa Kibira walitahiriwa pamoja, na waliotoka jando moja walibaki ndugu maisha yao yote. Colin Turnbull, aliyekaa Epulu katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1961, aliwaona Wambuti kuwa watu huru ambao msitu ni baba na mama yao, nao waliingia kijijini kama waingiao mchezoni. Mwaka 1989 Robert Bailey na wenzake, kwa kuzingatia utafiti wao miongoni mwa Waefe, walitia shaka kama binadamu anaweza kabisa kuishi katika msitu wa mvua bila mazao ya shamba. Mjadala haujafungwa. Hata hivyo, kwa historia ya mwaka 1887 hoja ya Bailey ina uzito wa pekee, kwani ikiwa hata mwenyeji alihitaji shamba la jirani, basi kuvunjwa kwa kijiji kulikuwa kuvunjwa kwa ghala la msitu mzima.

Na vijiji vilikuwa vikivunjwa. Stanley alimkuta mtoni Uledi Balyuz, aliyejulikana kama Ugarrowwa, mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa hema wa Speke na sasa mkuu wa kituo cha pembe. Mbele zaidi, Ipoto, alikuta kituo cha Kilonga-Longa. Kwa maelezo ya Stanley, wafuasi wa huko walikuwa Wamanyema, wengi wao wakiwa wametekwa utotoni na kulelewa katika uvamizi. Walichoma vijiji, wakashika wanawake na watoto, wakawakomboa kwa pembe. Kwa hiyo wapagazi wa Unguja walipita katika nchi iliyokwisha kuporwa na watu waliosema lugha yao. Njaa iliyowaua haikutokana na miti.

Palikuwa pia na ujinga wa wageni. Katika kikosi kilichoachwa nyuma Yambuya watu wengi walikufa kambini, na Stanley mwenyewe alivihusisha baadhi ya vifo hivyo na muhogo mchungu ulioliwa bila kulowekwa ipasavyo. Wenyeji walijua kuutoa sumu. Msafara ulikuwa ukiishi nao kwa uhasama, na katika hali kama hiyo hapakuwa na wa kumfundisha mwenzake.

Maandishi ya Kiswahili ya wakati huo hayasaidii sana kuliziba pengo hili. Maisha ya Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, ni hazina ya nathari ya Kiswahili. Lakini humo pembe hupimwa kwa frasila, na watu wa bara aghalabu huitwa washenzi. Wapagazi waliokufa Ituri hawakuacha kitabu. Kinachobaki ni lugha yenyewe. Kiswahili kilichokua huko kiliitwa Kingwana, kutokana na neno mungwana, yaani mtu huru. Wengi wa waliokieneza hawakuwa waungwana kwa kipimo cha Unguja; walikuwa mateka au watumwa wa zamani, waliovaa kanzu, wakala wali, wakajiita hivyo. Anayetaja “biashara” kuwa sababu ya Kiswahili kufika Ituri, akanyamaza hapo, amewafuta watu hawa pamoja na wale waliowachomea vijiji.

Lugha haikubaki mikononi mwao. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, na Ituri ni jimbo tangu mwaka 2015. Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, ina kilomita za mraba zipatazo 13,700, takriban moja ya tano ya msitu. Jina la mnyama huyo lilitoka vinywani mwa watu wa msitu kabla sayansi haijampokea mwaka 1901. Mwezi Juni 2012 watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakifugwa hapo. Siku hizi Mbira, Mlese na Mmbuti wanapokutana sokoni Mambasa, kila mmoja akiwa na lugha yake nyumbani, bei ya asali hupatanwa kwa Kiswahili.