Popo na Sharafu Yake

Jua linapokuchwa pande za Shimoni, katika pwani ya kusini mwa Kenya, na mashua za wavuvi zikiwa zimekwisha kurejea kutoka mkondo wa Wasini, hutoka katika mapango ya mawe ya matumbawe popo wasio na idadi, wakapita juu ya vichwa vya watu na kutawanyika mashambani. Kiumbe huyu hana wapenzi wengi. Mwaka 1995 jina lake lilibebwa na jini Popobawa, aliyewatia watu wa Pemba na Unguja hofu kubwa hata wakawa wanalala nje ya nyumba zao kwa makundi. Kwa hiyo aghalabu ya wasomaji watastaajabu wakiambiwa kwamba, kwa kauli ya wanazuoni wa kale, popo ndiye ndege aliyefinyangwa na Nabii Isa kwa mkono wake, akapata uhai kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Kisa chenyewe kina asili ya Kikristo, au tuseme kwamba Wakristo ndio waliotangulia kukiandika. Tangu karne ya 2 Masihiya palikuwapo masimulizi juu ya utoto wa Yesu, ambayo Kanisa halikuyatia katika Biblia lakini watu waliyapenda mno. Na humo yasemwa kuwa mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka 5, alicheza kando ya kijito siku ya Sabato akafinyanga shomoro 12 kwa udongo laini, na Yusufu alipoletewa mashtaka akaja kumkemea, mtoto akapiga makofi na shomoro wakaruka, haoo, wakilia. Masimulizi hayo yakaenea kwa lugha ya Kisiriani na baadaye kwa Kiarabu. Qurani nayo yautaja muujiza wa ndege wa udongo mara mbili, katika Aal Imran na katika al-Maida, ila haikutaja ni ndege wa jinsi gani.

Wafasiri hawakuridhika na kimya hicho. Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria (923), amenakili kwamba Nabii Isa aliuliza ni ndege yupi aliye mgumu zaidi kuumbwa, akajibiwa kuwa ni popo, kwa kuwa yeye ni nyama tupu. Waliokuja baada yake, miongoni mwao Qurtubi wa Andalusia, wakaziongeza hoja: ana meno, ana matiti na hunyonyesha, huzaa asitage, hucheka kama mwanadamu, huruka bila ya unyoya hata mmoja, wala haoni mchana mkali wala giza nene bali katika nyakati mbili tu, baada ya magharibi na baada ya alfajiri. Kila ambalo sisi twaliona kuwa kioja katika umbo lake, wao walilihesabu kuwa ukamilifu. Wahb bin Munabbih, mjuzi wa habari za watu wa Kitabu, alisema kwamba ndege yule aliruka maadamu watu wanamtazama, na alipoghibu machoni mwao akaanguka akafa, ili ipambanuke kazi ya kiumbe na kazi ya Muumba. Na hapa mwenye kudadisi ataona kwamba, kwa riwaya hiyo, popo wa Shimoni hawawezi kuwa wajukuu zake.

Wanyama wengine hawakupata bahati hiyo. Mjusi kafiri, anayetambaa juu ya dari za nyumba za Diani na Msambweni, ameandamwa na hadithi kwamba aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu ilhali wanyama wengine walijitahidi kuuzima, na imepokewa kuwa Bibi Aisha alikuwa na mkuki nyumbani wa kumuulia.

Wakristo wa Ulaya nao walikuwa na hazina yao, ambayo Mjerumani Oskar Dähnhardt aliikusanya katika majuzuu manne kati ya 1907 na 1912: kuna ndege mdogo robini, ambaye kidari chake kiliingia wekundu kwa damu ya Yesu alipomchomoa mwiba, kuna punda, aliyepewa alama ya msalaba mgongoni kwa kumbeba kuingia Yerusalemu, kuna samaki aliyeachiwa baka na kidole cha Petro. Kisa cha buibui ndicho kilichovuka mipaka yote, kwani utando kama ule uliowahadaa maadui wa Mtume Muhammad mlangoni mwa pango la Thawr mwaka 622 ulikwisha kusimuliwa na Paulinus wa Nola, aliyefariki 431, kwa habari ya Feliksi mtakatifu, na Wakristo wengine waliusimulia kwa habari ya Mariamu na mwanawe wakikimbilia Misri.

Ama popo, huko Ulaya aliangukia upande wa pili. Wachoraji walimvika Shetani mbawa zake, na Dante, mwanzoni mwa karne ya 14, akampa Ibilisi mbawa za namna hiyo hiyo katika kina cha Jahanamu. Mimi naona wafasiri walimtazama mnyama kwa insafu zaidi, hata ikiwa katika habari ya macho walikosea, maana popo wala matunda huona vyema katika mwanga hafifu. Na mibuyu ya Kwale, ambayo maua yake hufunguka jioni, huchavushwa nao.