Zege la Kujazia Kuta: Ubora Hupimwa Kabla Ukuta Haujafungwa

Kinyerezi ni miongoni mwa maeneo ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam ambako makazi yamepanuka hadi kwenye miteremko. Katika mazingira hayo, ukuta wa kuzuia udongo unaweza kujengwa kwa matofali ya saruji yenye matundu, ambamo nondo husimamishwa na kujazwa zege laini. Zege hilo ndilo linaloshikamanisha tofali na nondo ili ukuta uhimili msukumo wa udongo, hususan wakati wa mvua. Likiacha mapengo, kasoro hiyo haionekani kwa nje.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi huanza kabla ya kujaza. Mhandisi hujiridhisha kuwa nondo zipo mahali pake na kwamba mabaki ya udongo wa saruji yameondolewa ndani ya matundu.

Zege la kujazia huhitaji maji mengi kuliko zege la kawaida, kwa kuwa matofali hufyonza sehemu ya maji hayo. Kwa viwango vya Marekani, likipimwa kwa koni ya milimita 300, linapaswa kushuka kati ya milimita 200 na 280. Zege zito hukwama njiani na kuacha uwazi.

Sampuli nazo zina utaratibu wake. Kiwango cha ASTM C1019 huelekeza zege limwagwe katikati ya matofali yanayotumika kwenye ukuta husika, yaliyotandikwa karatasi inayopitisha maji. Sampuli ya namna hiyo hupoteza maji kama ilivyo ukutani. Ya kwenye chuma hubaki na maji yote na kuonesha uimara pungufu. Baada ya siku 28, uimara haupaswi kuwa chini ya takribani nyutoni 14 kwa milimita ya mraba, au zaidi iwapo mchoro unataka hivyo.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na watu 36 walipoteza maisha. Ingawa halikuwa ukuta wa aina hii, tukio hilo linakumbusha gharama ya usimamizi hafifu wa ujenzi.

Mwananchi anayejenga anashauriwa kutumia mhandisi na mkandarasi waliosajiliwa na bodi zao, kudai matokeo ya maabara kwa maandishi na kuyahifadhi pamoja na michoro.