Pasaka Makaburini

Alfajiri ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1732, vijana wa kiume wa kijiji cha Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani, walipanda kilima cha Hutberg gizani wakaingia makaburini. Hawakuwa na maiti ya kuzika. Walikwenda kuimba. Injili inasema wanawake waliomwendea Yesu kaburini walidamka mapema, na vijana hao waliona habari ya ufufuko ipokewe palepale ilipotangazwa kwanza, yaani penye makaburi. Mwaka uliofuata kijiji kizima kilipanda nao.

Kijiji chenyewe kilikuwa kichanga. Juni 1722 seremala Christian David alikata mti wa kwanza mahali pale, kwenye ardhi ya kabaila kijana aitwaye Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Waliojenga nyumba za kwanza walikuwa wakimbizi kutoka Moravia, Waprotestanti waliotoroka usiku wakiacha mashamba na mifugo kwa sababu watawala wa Habsburg hawakutaka dini yao. Wengine wakafuata, kila kundi na mafundisho yake. Kufikia 1727 wakazi walikuwa kama 300 na ugomvi ulikuwa umeshamiri: namna ya kushiriki meza ya Bwana, nani amwongoze nani, nani ameokoka kweli. Mmoja wao alifikia kumwita Zinzendorf, aliyempa hifadhi, mnyama wa kitabu cha Ufunuo.

Zinzendorf aliacha shughuli zake za serikali mjini Dresden, akahamia kijijini, akapita nyumba kwa nyumba. Mwezi Mei waliweka sahihi mapatano ya kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti, katika meza ya Bwana kwenye kanisa la Berthelsdorf, waliokuwa hawasalimiani walilia na kusameheana. Wamoravian hadi leo huihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa upya kwa kanisa lao. Mimi naona machozi yale yangekauka kama kusingekuwa na taratibu za kuyashika, na mojawapo ya taratibu hizo ilikuwa namna ya kuzika.

Mkimbizi hana kaburi la babu yake karibu. Basi pale Hutberg watu hawakuzikwa kiukoo. Wanaume walilala upande wao na wanawake upande wao, mmoja baada ya mwingine kadiri walivyokufa, juu yao mawe bapa yanayofanana, yameandikwa jina, mahali pa kuzaliwa na miaka. Fundi viatu angeweza kulala ubavuni mwa mtu wa ukoo mkubwa. Aliyegombana na jirani yake alijua huenda wakangoja parapanda wakiwa bega kwa bega. Hata hivyo ukienda leo utaona katikati ya uwanja ule makaburi makubwa yaliyoinuka: ni ya Zinzendorf, aliyefariki 1760, na watu wa nyumba yake. Usawa ulifika mpaka kwa kabaila, ukapiga breki.

Baadaye usawa huo ulipiga breki vibaya zaidi. Agosti 1732, miezi minne tu baada ya ile alfajiri, Leonhard Dober na David Nitschmann waliondoka kwa miguu kuelekea pwani, wakavuka bahari hadi kisiwa cha St. Thomas kuwahubiria watumwa. Muda si mrefu Wamoravian wenyewe walikuwa wakimiliki watumwa huko, na baadaye katika North Carolina pia. Huko, mjini Salem, walianza ibada ya alfajiri ya Pasaka mwaka 1772, na mwanzoni weusi na weupe walizikwa uwanja mmoja. Mwaka 1816 weusi wakatengewa makaburi yao. Jimbo la Kanisa la Moravian la huko liliomba radhi kwa ajili ya utumwa mwaka 2006.

Desturi ya ibada ya makaburini ilifika kwetu Tanzania pamoja na wamisionari wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, waliopita Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa hadi kwa Wanyakyusa wa Rungwe mwaka 1891. Martin alikufa kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo kazi ya Rungwe ilipata kaburi kabla ya kupata muumini, maana mtu wa kwanza kubatizwa, mwanamke aitwaye Fiabarema, alibatizwa 1897.

Wanyakyusa hawakuhitaji kufundishwa kuwaheshimu wafu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwao kati ya 1934 na 1938, walikuta msiba ndiyo shughuli kubwa kupita zote: kilio, ngoma, ng'ombe wa kuchinja, ndugu kutoka mbali. Marehemu alizikwa nyumbani, migombani, karibu na waliomzaa na aliowazaa. Kumwambia mtu wa namna hiyo akalale katika uwanja wa kanisa, kando ya asiye wa ukoo wake, lilikuwa ombi zito. Waliokubali walikuwa wanakiri kwamba wana ndugu wapya.

Udugu huo ulipimwa mwaka 1916, Waingereza walipoingia na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Nyasaland walisaidia kiasi, lakini mpaka Wamoravian waliporudi katikati ya miaka ya 1920 mzigo mkubwa ulikuwa mabegani mwa walimu na wazee wa kanisa wenyewe. Ushirika haukufa. Leo hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kama Tanzania.

Pasaka huangukia masika, na masika ya Rungwe si ya mchezo. Watu hufika makaburini kwa tochi, kanga zimefunika vichwa, viatu vimejaa matope. Magugu hukatwa siku chache kabla. Tarumbeta hulia. Mchungaji hutangaza kwamba Bwana amefufuka, nao hujibu kwamba amefufuka kweli. Liturujia ya asubuhi hiyo ni ungamo refu la imani, na ndani yake mna ombi kwa ajili ya ndugu waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mjane aliyezika mwezi Julai, ambaye wageni wa msiba walikwisha kumwacha zamani, husikia kanisa zima likimkumbuka tena mumewe, safari hii bila kilio.

Si wote waliolala uwanjani hapo. Familia nyingi bado huzika nyumbani, nyuma ya jiko au chini ya migomba, na makanisa hayakuweza, wala pengine hayakutaka sana, kuikomesha desturi hiyo. Ombi lile linawahusu hao pia. Ibada ya alfajiri ikiisha, watu huteremka kwenda kubadili viatu, maana ibada kuu bado.