Kabla ya kugusa ukuta, tusome karatasi



Toka 2005, mashua zilipoanza kurudisha watu wetu kutoka Kigoma mpaka Baraka, swali la kwanza la kila familia ni moja: nyumba ingali iko? Wengine walikuwa Nyarugusu toka 1996. Wanakuta ukuta umesimama, wananunua mabati na simenti, wanaanza kutengeneza. Siku ya kupandisha bati, mtu anatokea na karatasi yake.

Jambo hili ni la zamani. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Leopold II ilitangaza kwamba ardhi tupu ni ya Serikali. Mzungu aliandikiwa haki yake katika kitabu. Mwenyeji akabaki na desturi, bila karatasi. Halafu sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali. Raia anapewa konsesio, na inayomlinda ni sertifika ya konservateri. Kwa ardhi ya kimila, kifungu 389 kiliahidi amri ya Rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Ndiyo maana wengi wetu tuna neno la shefu tu, ama karatasi ya kuuziana.

Tena kuna kifungu 227: sertifika ikishapita miaka 2, haki yake haivunjwi, aliyeonewa anabaki kudai malipo tu. Na sisi tulikuwa kambini miaka mingapi?

Kwa hiyo, mbele ya kununua hata msumari:

Kwanza, konservateri. Akuangalizie kitabuni: parseli iko kwa jina la nani, na kuna deni ama kesi juu yake?

Pili, kadasta. Mipaka ni ileile?

Tatu, mjini, ofisi ya urbanisme. Dekreti ya 20 Juni 1957 ndiyo ilipanga mambo ya ruhusa ya kujenga. Uliza kama nyumba ilishaandikiwa kosa, mfano kuingia barabarani. Aliyekuuzia anaweza kukimbia. Kosa linabaki ukutani, na ukuta sasa ni wako.

Kijijini, ita shefu na majirani, muandike, wote watie sahihi.

Kila unapolipa, omba risiti. Mabati yanaweza kungoja wiki mbili. Nyumba iliyobomolewa, nani ataturudishia?